Huhitaji digrii kupiga picha ya nebula, unahitaji giza

Ulikuwa wapi usiku wa Jumapili, Septemba 7, 2025? Kama anga ya kwenu haikuwa na mawingu, uliona mwezi ukigeuka rangi ya shaba saa mbili na nusu usiku na kukaa hivyo kwa dakika 82. Na kama uliingia WhatsApp baadaye, uliona pia ile balaa nyingine: stetasi baada ya stetasi, zote zina kitone cha rangi ya machungwa katikati ya giza, utadhani ni taa ya boda boda imekwama kwenye ukungu wa Limuru. Chini yake maneno ya kujitetea: "Haikutoka poa lakini kwa macho ilikuwa moto."

Leo tuongee kuhusu hicho kitone, wewe na mimi. Umbali kati yake na ile picha ya nebula uliyoweka kwenye kioo cha simu yako si mkubwa vile unavyodhani. Wengi wetu tunaamini picha za aina hiyo hupigwa na NASA peke yake, kwa darubini inayoelea juu ya dunia na bajeti ya serikali nzima. Nyingi ni zao, kweli. Lakini nyingine zimepigwa na msee wa kawaida aliyetoka kazini jioni, akapanda juu ya paa na kamera ya mtumba, akapigwa na baridi hadi saa tisa usiku.

Kwanza tumalizane na simu. Simu yako si mbovu. Shida yake ni kwamba inaamua kila kitu bila kukuuliza. Inaona fremu imejaa weusi, inafikiri umeingia kwenye chumba chenye giza, inaongeza mwanga kadiri inavyoweza, na mwezi wa kawaida, ambao ni jiwe linalomulikwa na jua kali, unaungua na kuwa duara jeupe lisilo na sura. Mwezi ukipatwa mambo yanageuka. Mwanga wake unapungua zaidi ya mara elfu kumi, simu inalazimika kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu, mkono wako unatikisika, na hapo ndipo kitone kinazaliwa.

Dawa yake haina bei. Ingia kwenye modi ile iliyoandikwa Pro. Kwa mwezi wa kawaida weka ISO 100 na kasi ya 1/125. Kwa mwezi uliopatwa panda hadi ISO 800 na sekunde moja, kisha jaribu juu na chini ya hapo. Egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, hata pakiti ya unga kilo mbili inatosha, na utumie saa ya kuhesabu sekunde tatu ili kidole chako kiwe mbali picha ikichukuliwa. Na tafadhali usivute picha kwa vidole viwili. Hiyo si kukaribia mwezi, hiyo ni kukata picha na kutupa iliyobaki.

Hapo kuna mtego, na ni heri uujue kabla hujaanza kujigamba. Machi 2023, mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaitia ukungu makusudi hadi mashimo yote yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuzima taa. Kisha akasimama mbali akaipiga kwa Samsung Galaxy S23 Ultra. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo hayakuwa kwenye ile skrini. Samsung wenyewe walieleza kwamba simu hutambua mwezi na kutumia akili mnemba kuongeza maelezo. Sasa jiulize, hiyo picha ni yako ama ni ya kiwanda? Mimi naona kile kitone chako cha machungwa kina heshima zaidi. Angalau kilikuwa pale.

Haya, tupande ngazi. Nebula ni wingu la gesi na vumbi katikati ya nyota, na kuna moja unayoweza kuiona bila kununua chochote. Januari au Februari, saa tatu usiku, toka nje uangalie juu kabisa ya kichwa chako. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja, zimelingana kama watoto wa gwaride. Huo ni mkanda wa Orion. Kando yake kuna mstari mwingine mfupi na hafifu, kama upanga unaoning'inia kiunoni. Ile ya katikati, ukiitulia, utagundua si nyota. Ina ukungu. Hiyo ndiyo Nebula ya Orion, na ndani yake nyota zinazaliwa wakati wewe unasoma haya. Mwanga wake uliondoka huko yapata miaka 1,350 iliyopita, kabla jiwe la kwanza la Msikiti Mkuu wa Kilwa halijawekwa, ukasafiri bila kusimama hadi kwenye jicho lako hapo Umoja ama Kisauni.

Jicho lako lakini haliweki akiba. Kila sehemu ndogo ya sekunde linaupokea mwanga, linautumia, linaanza upya. Kamera inaweka akiba. Ukiiachia lenzi wazi sekunde kumi, inakusanya mwanga wa sekunde kumi zote kwenye picha moja, na kile ambacho jicho liliona kama ukungu wa kijivu kinaanza kuwa na mabawa na rangi. Siri ni hiyo tu, na kila kitu kingine katika kazi hii, vifaa, programu, usiku wa kukesha, ni njia ya kuongeza hiyo akiba.

Kwa nini basi usiache lenzi wazi saa nzima? Kwa sababu dunia inazunguka. Nyota zinaonekana kusonga digrii 15 kila saa, na picha ya dakika moja tu itakupa vijistari badala ya nyota. Kuna hesabu ya haraka ambayo wapigapicha hutumia: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi yako. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Kama kamera yako ni ile yenye sensa ndogo, kama Canon nyingi za mtumba, hizo sekunde zinashuka hadi sita hivi. Na kwa Orion ushuke zaidi ya hapo, kwa sababu iko kwenye ule mstari wa anga ambapo nyota hukimbia kuliko kwingine kote.

Sekunde tano au sita ni kidogo mno, utasema. Ni kweli. Picha moja ya sekunde sita itakuwa chafu, imejaa punje punje za rangi zisizo na maana. Sasa sikiza. Umewahi kupanda mat yenye muziki wa kupasua masikio, halafu mtu anakupigia simu? Neno la kwanza hulisikii. Unamwambia rudia. Anarudia neno lile lile mara ya pili, ya tano, ya kumi. Muziki unabadilika kila mara lakini neno ni lile lile, na mwishowe unalishika. Kamera nayo hufanya hivyo. Unapiga picha moja ya sekunde sita, halafu nyingine, halafu nyingine, hadi mia. Programu inazipanga moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Zile punje punje hubadilika kila picha kwa hivyo zinamezana, lakini nebula iko pale pale kwa hivyo inajitokeza. Picha nne zinapunguza uchafu kwa nusu. Picha mia zinaupunguza mara kumi. Ukitaka usafi mara mbili ya huo, hamna njia ya mkato, ni picha mia nne.

Programu za kufanya hivyo ni za bure. DeepSkyStacker, Siril na Sequator hazitakuitisha hata shilingi, na Stellarium itakuonyesha kila nyota iko wapi saa ngapi. Kama laptopu yako ni ya mtumba, ile inayounguruma kama kinu cha posho, iwashe ikipanga picha, nenda ukalale, utakuta imemaliza asubuhi. Bando utakalotumia ni la kupakua mara moja tu.

Watu huniuliza: rangi hizo ni za ukweli ama ni kuchorwa? Swali zuri. Ule wekundu wa nebula ni mwanga halisi wa haidrojeni, uko pale, ni macho yetu tu ambayo hayaoni rangi vizuri gizani. Kamera nyingi pia hazioni wekundu huo vizuri, kwa sababu kiwanda huweka kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa yake ili ngozi za watu zitoke sawa kwenye picha za harusi. Waliokolea kwenye kazi hii humpa fundi kamera akitoe. Zile picha maarufu za darubini ya Hubble, zenye dhahabu na buluu, hizo rangi zimepangiwa: gesi moja ikapewa nyekundu, nyingine kijani, nyingine buluu, ili wanasayansi watofautishe. Wanasema wazi wamefanya hivyo. Kuongeza nguvu ya kilichopo na kuingiza kisichokuwepo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo mimi huchora mstari.

Sasa nikwambie kitu ambacho video za YouTube hazitakwambia. Wengi wanaofundisha kazi hii wanaishi Ulaya na Marekani. Watakwambia ununue kifaa cha kufuata nyota, kile chenye mota inayozungusha kamera polepole ili nyota zisiache mistari, kisha uelekeze mhimili wake kwenye Polaris, Nyota ya Kaskazini. Wewe uko Nairobi, digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Polaris kwako iko chini ya upeo wa macho, imejificha nyuma ya Thika Road na milima yote iliyo mbele. Huwezi kuiona hata ukisimama juu ya KICC. Mhimili wa kifaa chako unafaa kulala karibu sambamba na ardhi, ukielekea kusini, umeinuka kidogo tu, na kuna stendi ambazo haziwezi kulala hivyo kwa sababu aliyezitengeneza hakuwaza mtu wa ikweta. Utatumia dira na kipima usawa, kisha utatazama nyota moja kwa dakika kadhaa uone inateleza upande gani, urekebishe, utazame tena. Inachosha. Ukiizoea inachukua nusu saa.

Lakini malipo yake, we acha tu! Mtu wa London hawezi kuona Msalaba wa Kusini maisha yake yote asipopanda ndege. Mtu wa kusini kabisa mwa dunia haoni lile Gari Kubwa la nyota saba. Wewe unaona zote mbili, na kuna usiku wa Mei unaoweza kuziona kwa pamoja. Galaksi ya Andromeda unayo. Nebula ya Carina, ambayo ni kubwa na angavu kuliko ile ya Orion lakini huku Ulaya haichomozi kabisa, unayo. Hata Kilimia unacho, kile kikundi cha nyota ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima, na jina lenyewe linasema. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba. Kwa saa moja au mbili za akiba ya mwanga, kamera itakuonyesha Kilimia kimefunikwa na vumbi la buluu kama moshi wa jiko asubuhi. Sijawahi kuona picha ya Kilimia iliyonichosha.

Kinachotuumiza ni mawingu, na yana madharau. Carina inapanda vizuri jioni za kuanzia Machi hadi Juni, wakati wa masika. Kitovu cha Njia ya Maziwa kinakuwa juu Julai na Agosti, wakati Nairobi imefunikwa blanketi la kijivu na watu wanatembea na majaketi. Orion peke yake ndiyo yenye adabu, inakuja Januari na Februari wakati anga imekauka. Kwa hivyo anza nayo. Hizo nyingine zisubiri siku utakayoshuka Magadi ama utakapopata safari ya Samburu.

Na hapo ndipo tunafika kwenye shida yenyewe. Kamera si shida, niamini. Watu watano mkianzisha chama kidogo mtanunua kifaa cha mtumba mtumie kwa zamu. Shida ni giza.

Kuna kipimo kinachoitwa Bortle, kilichochapishwa mwaka 2001, kinachogawa anga ya usiku kuanzia 1 hadi 9. Moja ni jangwani, ambapo Njia ya Maziwa inaangaza hadi inatupa kivuli chini. Tisa ni katikati ya jiji kubwa. Wewe na mimi tulilelewa nane na tisa. Kuna vijana wa umri wetu mtaani ambao hawajawahi kuiona Njia ya Maziwa, si kwa kutojali, bali kwa sababu haiwezi kuonekana kutoka kwenye dirisha lao. Walipokuwa wadogo walienda ushago Desemba, wakaona "mawingu meupe" usiku, wakaingia ndani kulala.

Mimi hupiga picha juu ya paa la fleti, katikati ya kamba za kuanika nguo. Mara ya kwanza mtunza ploti alinikuta huko saa saba usiku na traipodi, akaniuliza nimeiba jinzi ya nani. Nilimwonyesha Orion kwenye skrini ya kamera. Akaitazama, akatazama juu, akatazama tena skrini. Siku hizi ndiye hunipa ufunguo, ila lazima nimwonyeshe kilichotoka.

Upande wa pili wa barabara kuna ile nguzo ndefu ya taa tunayoiita mulika mwizi. Inaua nyota zote za upande wa magharibi. Na siwezi kuiombea izimike. Dada yangu hutoka kazini saa nne usiku na hupita chini ya nguzo hiyo, na kabla ijengwe palikuwa mahali pa kupokonywa simu. Kwa hivyo usinisikie vibaya. Ninachouliza ni mbona taa nyingi za mji zinamulika juu. Mwanga unaoenda mawinguni haumsaidii dada yangu wala haumwoni mwizi, unalipiwa stima kila mwezi na kazi yake ni kufuta anga. Taa yenye kofia, inayomwaga mwanga chini peke yake, inamwonyesha mpita njia vizuri zaidi kwa sababu haimpigi machoni. Taa nyeupe kali za LED ni mbaya zaidi, ule ubuluu wake hutawanyika hewani na hauchujiki kirahisi kwenye picha. Haya ni mambo ya kuuliza mwakilishi wadi wako akija na mradi wa taa. Ama mwenye fleti, akitaka kuweka taa tano za kumulika ukuta mtupu.

Na ndiyo, stima ikipotea mtaani, wengine wakilaani, kuna mtu anapanda ngazi mbio.

Ukitaka giza la kweli lazima utoke mjini, na hapa nataka uwe makini. Usiende peke yako kukaa kando ya barabara ya Magadi usiku na kamera. Nendeni kundi, tafuteni kambi inayolipiwa yenye mlinzi, mjulishe mtu mko wapi. Ukikutana na polisi saa nane usiku ukiwa na kitu cha miguu mitatu na bomba, maelezo yatakuwa marefu. Angalia pia kalenda ya mwezi: usiku wa mwezi mpevu hakuna nebula utakayopata, mwezi wenyewe ni mulika mwizi.

Labda unajiuliza mimi nina cheti gani cha kukufundisha haya. Sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama na haikukwamuka. Lakini nikuelezee kuhusu watu wawili. Picha ya kwanza kabisa ya Nebula ya Orion ilipigwa Septemba 30, 1880 kule New York na Henry Draper, mtu aliyesomea udaktari, akaacha lenzi wazi dakika 51. Miaka mitatu baadaye, mhandisi wa mambo ya maji taka aitwaye Andrew Ainslie Common alipiga picha bora zaidi akiwa kwenye bustani ya nyumba yake Ealing, London. Picha yake ilionyesha nyota ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona, hata kwa darubini. Mwaka 1884 wakampa nishani ya dhahabu ya Royal Astronomical Society. Mtu wa mifereji!

Usidhani hayo ni ya zamani. Mwanzoni mwa 2023 wapigapicha watatu wasioajiriwa na chuo chochote cha anga, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walitangaza kwamba kando ya galaksi ya Andromeda kuna upinde mkubwa wa gesi ya oksijeni ambao haukuwa umegunduliwa. Andromeda! Hiyo ni galaksi iliyopigwa picha na kila mtu mwenye lenzi. Darubini kubwa za dunia ziliupita kwa sababu zinatazama vipande vidogo vidogo vya anga. Hao watatu walitumia vifaa vya kununua dukani na subira ya usiku mwingi. Kwa hapa kwetu, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakibeba darubini hadi shuleni. Ukisikia wako karibu na kwenu, nenda ukachungulie kabla hujanunua chochote.

Tuguse aurora, kwa sababu najua utaniuliza. Zile picha zinazozunguka Facebook za mapazia ya kijani juu ya Mlima Kenya ni uongo mtupu, hata usizisambaze. Aurora hutokea wakati chembe kutoka kwa jua zinaongozwa na usumaku wa dunia hadi zinagonga hewa ya juu. Usumaku huo huzielekeza kuzunguka ncha za kaskazini na kusini. Huku kwetu ikweta mistari yake imelala sambamba na ardhi, haina pa kuzishusha. Hata ile dhoruba kali ya Mei 10 na 11, 2024, iliyofanya aurora ipigwe picha hadi Namibia na Mexico, haikutufikia sisi.

Lakini kama una binamu Edmonton ama Minnesota, mtumie makala hii. Huko Alberta, Kanada, kikundi cha wapenda aurora kilikuwa kikipiga picha za utepe mwembamba wa zambarau usiofanana na aurora ya kawaida. Hawakujua ni nini, wakaupa jina la utani, Steve, walilolitoa kwenye filamu ya katuni. Wanasayansi walipozitazama picha zile na kuzilinganisha na data ya setilaiti wakakuta ni kitu ambacho hakikuwa kimeelezwa, mto mwembamba wa gesi yenye joto la ajabu. Utafiti ulichapishwa 2018, na jina Steve likabaki. Mwambie binamu asingoje macho yake yaone rangi. Aweke simu kwenye modi ya usiku aielekeze kaskazini, mara nyingi kamera huona kijani kabla ya jicho.

Sisi tuna zawadi ndogo ya kufutia machozi. Mahali penye giza kamili, kamera yako inaweza kunasa mistari hafifu ya kijani karibu na upeo wa macho. Ni hewa yenyewe, kilomita 90 na kitu juu, ikiachilia nguvu iliyopokea kutoka kwa jua mchana. Huo mng'ao upo kila mahali duniani, hata juu ya Turkana.

Turkana tena. Novemba 3, 2013 jua lilipatwa kikamilifu pale kwa sekunde chache jioni, na watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuona. Wengi waliokuwa kando ya ziwa waliangushwa na vumbi na mawingu dakika za mwisho. Hiyo ndiyo kazi hii. Inayofuata kubwa ni Agosti 2, 2027: jua litafunikwa kabisa kuanzia Uhispania na Morocco, kupitia Misri, ambapo karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita, hadi Yemen na kaskazini mwa Somalia. Sisi tutaona jua limeliwa sehemu. Na Mei 21, 2031, ile aina ya kupatwa ambapo jua hubaki kama pete itapita kusini mwa Tanzania. Hiyo ni safari ya basi, anza kuweka akiba.

Hapa sina mzaha: kamwe usitazame jua kwa miwani ya kawaida, kwa filamu ya eksirei, wala kwa maji kwenye beseni kama tulivyoambiwa tukiwa wadogo. Retina haina mishipa ya maumivu. Inaungua na husikii chochote, unajua kesho ukishindwa kusoma. Nunua miwani yenye alama ya ISO 12312-2, na kamera nayo iwe na kichujio chake mbele ya lenzi. Kama huna pesa, chukua chujio la jikoni, geuzia jua mgongo, ulishike juu ya karatasi nyeupe. Kila tundu litachora jua dogo lililomegwa. Ama simama chini ya mwembe uangalie chini, nafasi kati ya majani hufanya hivyo hivyo, mamia kwa mamia. Hiyo picha hata simu ya kabambe inaiweza.

Na kama ulikosa ule mwezi wa Septemba, weka alama kwenye kalenda: Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya. Mwezi utachomoza Nairobi ukiwa tayari umeanza kumegwa, na kuanzia saa moja na robo hivi hadi karibu saa mbili na nusu usiku utakuwa mwekundu mzima, upande wa mashariki. Saa sita fataki zikirushwa utakuwa mweupe kama kawaida. Kesha za kanisani huanza saa tatu. Utakuwa umeshamaliza kupiga picha.